Sitoki, kwa Sauti ya Chini

3 Machi

Mzee Nyuzi, shikamoo.

Hunijui, ila nadhani umeshanisikia na hukupenda ulichosikia. Mimi ndiye Fundi, mwanamke aliyewekwa mahali pako kwenye bendi. Anwani nimepewa na mpiga besi, akaniomba nisiseme ni yeye, kwa hiyo tayari nimemwangusha.

Siandiki kuomba radhi. Nafasi niliikuta tupu. Mdogo wako Radi alikufukuza jukwaani, maiki ikiwa wazi, akisema gitaa lako limelala na nyimbo zimekuwa nzito kama watu wanaosukuma lori bovu. Nilikuwepo siku hiyo, safu ya sita, na nilitamani kujificha chini ya kiti. Wiki tatu baadaye akatangaza kwamba anatafuta mpiga gitaa, nami nikaenda. Nyimbo zenu za roki nazipiga chumbani kwangu tangu nina miaka kumi na mitano, na sasa nina arobaini na moja. Kazi yangu ya mchana ni kutengeneza mota za umeme: pampu, feni, mashine za kusaga. Mota ikiungua natoa waya wa shaba uliokufa, naanza kuzungusha mpya, mzunguko kwa mzunguko, nikihesabu. Nakueleza haya ujue kwamba sibahatishi.

Shida yangu ni hii. Tumefanya mazoezi sita. Nyimbo nimezitoa kwenye kaseti zenu za mwanzo kama zilivyo, na mpiga dramu anasema niko sawa. Lakini tukifika kwenye "Sitoki", pale mwisho ambapo Radi anapanda juu na kulishikilia lile neno, anakasirika kabla hajafika. Anausimamisha wimbo. Anasema mara nampeleka mbio, mara namfunika, mara gitaa langu lina kiburi. Jana alirusha kijiti cha dramu kikampata mpiga besi begani. Nikimuuliza mpiga besi kuna nini, anatazama viatu vyake.

Onyesho ni tarehe 12 Aprili, saa tisa alasiri, kwenye lile jumba la zamani la sinema. Radi amesema likiharibika, anayetoka ni mimi. Wewe umesimama kando yake miaka thelathini na mmoja. Ni kitu gani nisichokifanya?

Wako,
Fundi


9 Machi

Fundi,

Marahaba. Umefanya vizuri kuandika, maana simu nimeizima. Kila aliyekuwa akinipigia alikuwa na sauti ya msibani, na mimi sijafa. Niko kwa binti yangu. Nimepewa chumba cha kupigia pasi, na asubuhi nikichelewa kuamka nafunikwa na mashati ya mkwe wangu.

Sasa wewe unaniuliza mimi, niliyetupwa nje, namna ya kukaa ndani. Una moyo, binti. Mimi ndiye niliyetunga "Sitoki", maneno na gitaa, na nimetolewa. Cheka. Mimi nimeshacheka, binti yangu ameshacheka, hata mkwe wangu, ambaye si mtu wa kucheka, alienda kucheka jikoni.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Piga polepole kidogo, punguza sauti ya spika yako, na mdogo wangu akianza kurusha vitu, inama. Hana shabaha. Yule mpiga besi hakulengwa yeye.

Na hizo kaseti achana nazo. Zile ni za watu wengine.

Nyuzi


16 Machi

Mzee Nyuzi, shikamoo.

Nilipunguza sauti. Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa Radi alisikika vizuri.

Alijaribu ule mwisho mara tatu. Mara ya tatu alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Mpiga dramu akajifanya anakaza skrubu. Leo ni siku ya nne Radi haongei. Daktari amemkataza hata kunong'ona, kwa hiyo anatembea na daftari. Ukurasa wa kwanza aliniandikia mimi: NI GITAA LAKO.

Nikarudi nyumbani nikiwa nimekasirika, na mimi nikikasirika napima vitu. Shabiki mmoja alinipa rekodi ya onyesho lenu la mwaka jana, aliyoichukua kwa simu. Nikaiweka kando ya kaseti. Wimbo ni uleule, lakini wa mwaka jana uko chini. Kwanza nikadhani kaseti imechakaa inakimbia. Nikapima kwa kidude changu cha kutyunia, yaani kulinganisha sauti za nyuzi, mara tatu, nyimbo tano. Zote ziko chini kwa sauti moja na nusu. Ukiwa kwenye kinanda, ni kushuka vitufe vitatu, vyeupe na vyeusi.

Mtu hashuki vitufe vitatu kwa bahati mbaya. Nieleze, mzee. Usinitanie tena.

Fundi


20 Machi

Fundi,

Haya. Ulikuja na vipimo, sina pa kukimbilia.

Miaka kumi na mitatu iliyopita, kwenye uwanja uliojaa, Radi alipanda kwenye ule mwisho wa "Sitoki" na sauti ikamkatika. Watu wakacheka. Si wote, ila unajua ilivyo, unayemsikia ni yule anayecheka. Aliporudi nyumbani akajifungia miezi minane. Shemeji yangu alikuwa akimwachia sahani mlangoni. Mimi nilikuwa naenda kila Jumapili, nakaa upande wa huku wa mlango, naongea na mbao. Mama yetu alikuwa hai bado. Aliniambia neno moja tu: "Wewe ndiye mkubwa."

Siku aliyokubali kurudi kwenye mazoezi nilitangulia mapema, nikalegeza nyuzi zangu zote sita, nusu sauti. Kwenye bendi yetu, tangu siku ya kwanza, hakuna anayetyuni kwa kidude. Mpiga besi anachukua sauti kwenye gitaa langu, nikishuka anashuka. Dramu haina shida. Radi hajui gitaa, anajua maiki. Aliimba, akafika juu, akageuka akanitazama kama mtu aliyepona. Unadhani ningemwambia?

Baada ya miaka minne nikashusha nusu nyingine. Halafu nyingine. Tulikuwa na mpiga kinanda, kijana mstaarabu, mke wake alikuwa akitupikia. Kinanda chake kile cha zamani hakishuki. Nikazua ugomvi nikamfukuza. Mpaka leo watu wanasema nilimwonea wivu, na mimi nimewaacha waseme.

Radi yuko sahihi, nyimbo zilikuwa zimekuwa nzito. Nilizifanya nzito mimi, kwa ajili yake, na kwa ajili ya uzito huo akanifukuza. Nilisimama pale jukwaani nikamsikiliza, na kila neno alilosema lilikuwa kweli, na jibu lilikuwa kwenye ulimi wangu, nikalimeza.

Sasa sikiliza. Kabla ya mazoezi, tangulia, shusha zote, sauti moja na nusu. Mpiga besi atakufuata, anajua, hatauliza. Radi ataimba, onyesho litapita, utabaki na nafasi yako. Usimwambie. Ichane barua hii.

Nyuzi


24 Machi

Mzee Nyuzi, shikamoo.

Barua sijaichana, na nyuzi sitazishusha kwa siri.

Nimelala nalo siku mbili. Najua ninachokitupa. Nikifanya unavyosema, nabaki kwenye bendi niliyoitamani tangu utoto. Nikimwambia, huenda akanitimua hapohapo. Lakini mota ikija kwangu imeungua ndani, siifungi kifuniko nikaipaka rangi. Mwenyewe namwita, namwonyesha, anakunja uso, tunajua pa kuanzia. Mficha maradhi kifo humwumbua. Kwake kifo kilikuwa karibu kimwumbue kwenye chumba cha mazoezi mbele ya watu watatu.

Na kuna jambo jingine, utanisamehe. Gitaa lako moja uliliacha stoo ya mazoezi. Jana nililitoa. Mpiga gitaa anayeshusha kiasi hicho hufunga nyuzi nene, zisilegee zikapiga kelele. Wewe umefunga nyembamba kuliko zote zinazouzwa dukani, halafu ukazilegeza. Hata kidole cha mtoto kinazikandamiza. Mtu mwenye mkono mzima hawezi kuzipenda nyuzi hizo.

Mzee, ulikuwa unamfichia Radi peke yake?

Ameanza kuongea tangu juzi. Namwambia Alhamisi.

Fundi


26 Machi

FUNDI

Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu siwezi kupiga kelele chumbani humu, mjukuu amelala.

Usithubutu. Hukukaa mbele ya ule mlango. Wewe umemjua kwa wiki kumi, mimi nimemjua tangu anatambaa. Ukimwambia anaingia tena ndani, na safari hii ana miaka hamsini na tisa na mama hayupo. Ukweli wako utakuwa umekaa vizuri kwenye kidude chako cha kupimia, na mdogo wangu atakuwa gizani.

Na mkono wangu haukuhusu.

Nyuzi


30 Machi

Kaka,

Fundi ameniambia. Alikuja na kaseti, simu, kile kidude chake na karatasi yenye namba, akaniwekea mezani kama mtu wa mahakama. Nilimfukuza. Akasema, "Sawa, nitakuwa nje." Nilitoka baada ya saa mbili nikamkuta amekaa kwenye ngazi anakula karanga. Nikamwambia bado umefukuzwa. Akanipa karanga.

Miaka kumi na mitatu! Nimesimama mbele ya watu nikijigamba, umri huu na sijashusha hata wimbo mmoja, waulizeni vijana wenu! Na wewe umesimama mita mbili kutoka kwangu, unanisikia, unatikisa kichwa. Mpiga besi anajua. Huenda na fundi wa spika anajua. Nimekuwa mtoto anayepewa usukani wa kuchezea, anapiga honi, na baba ndiye anaendesha.

Unajua kinachoniuma zaidi? Nilikufukuza, na hukufungua mdomo. Ulinichukia kiasi gani mpaka ukaniacha nikufukuze kwa kosa langu?

Sikia basi. Tarehe 12 naimba "Sitoki" pale ilipozaliwa. Juu. Kama kwenye kaseti. Nikifika nimefika, na nikivunjika nivunjike kwa miguu yangu, si kwa kubebwa. Ng'ombe hazeeki maini. Njoo usikie, au usije, shauri yako.

Radi


4 Aprili

Mdogo wangu,

Sikukuchukia hata siku moja. Nimeikalia barua yako siku tatu nikitafuta namna ya kulisema hili nionekane mtu mwema, na sijaipata, kwa hiyo nalisema hivihivi.

Mara ya kwanza nilishusha kwa ajili yako. Hiyo ni kweli na siiondoi. Mara ya pili vidole vyangu vilikuwa vimeanza. Asubuhi havikunjiki hata kushika kikombe cha chai. Kuna siku nilipanda jukwaani nikiwa nimeviloweka kwenye maji ya moto nusu saa. Nyuzi zikilegea zinanisamehe. Mara ya tatu, Radi, wewe ulikuwa unafika bila shida. Mara ya tatu nilishusha kwa ajili yangu, nikajiambia ni kwa ajili yako. Nikafunga na nyuzi nyembamba juu yake. Ndiyo maana nilinyamaza pale jukwaani. Ningelifungua la kwako, la kwangu lingetoka nalo.

Fundi ndiye aliyeligundua. Nimemwambia halimhusu. Muombe radhi kwa niaba yangu, mimi nikiomba naandika matusi.

Lakini usiimbe juu. Sikusihi kama kaka, nakwambia kama mtu aliyeisikia sauti yako kila wiki kwa miaka thelathini na mmoja. Huko juu hakuna kitu tena. Wewe umebaki na sauti nyingine, ya chini, na ni kubwa kuliko ile. Mimi nimeisikia, wewe hujaisikia kwa sababu kila siku ulidhani uko juu.

Nyuzi


11 Aprili

Fundi,

Nakuachia hii kwenye kasha la gitaa lako. Hujafukuzwa. Barua ya kaka nimeisoma na sijabadilika. Kesho ni juu. Nyuzi zako zikaze kama kwenye kaseti, na usizishushe hata ukiniona nakufa pale mbele. Nikitaka zishuke nitasema mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Radi


13 Aprili

Mzee Nyuzi, shikamoo.

Nakuandikia kabla sijafungua karakana. Kuna feni tano za watu zinanisubiri, zisubiri.

Jumba lilijaa. Watu waliketi hadi kwenye ngazi. Katikati kulikuwa na kundi lenye bango la kitambaa, herufi za rangi nyekundu: TUNAMTAKA NYUZI. Nilipotoka na gitaa walianza miluzi. Chupa ya plastiki ikanipita sikioni. Nilikuwa nimejiandaa kwa woga, na woga haukuja, nilikasirika tu. Nikasogea mbele hatua mbili, nikasimama karibu na bango kuliko mtu mwingine yeyote, nikaanza wimbo wa kwanza bila kumsubiri Radi. Alinitazama. Halafu akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, akaudaka.

Nyimbo saba zilienda. Sikusema zilienda vizuri. Nilikosea moja, pale kwenye lile solo lako refu ambalo kila mtu analijua kwa kichwa, na kundi la bango likashangilia kosa langu kama bao. Nikalirudia solo zima tangu mwanzo, likiwa safi, wapende wasipende.

Halafu "Sitoki". Juu, kama alivyotaka. Ubeti wa kwanza alikuwa sawa. Wa pili nikaona mishipa ya shingo. Tulipofika ule mwisho alirudi nyuma hatua moja, akavuta pumzi, akapanda, na sauti ikakatika.

Kisha mtu mmoja akacheka. Kisha, mzee, hapa ndipo ninapotaka usome polepole, walinigeukia mimi. "Mwanamke kaharibu wimbo! Mtoeni huyo! Nyuzi! Nyuzi!" Jumba zima. Radi amesimama na maiki mkononi, na kilichotakiwa ni yeye kunyamaza tu. Angenyamaza ningebeba mimi, ningetoka mimi, na yeye angebaki na sauti yake ya kwenye kaseti milele. Nilimwona anafikiri hivyo. Sikumwangalia kwa kumsihi. Nilikaza macho kwenye bango.

Akainua maiki. Akasema, nayaandika kama alivyoyasema:

"Nyamazeni. Si yeye. Amepiga kama ilivyoandikwa. Aliyevunjika ni mimi. Miaka kumi na mitatu kaka yangu amenishushia nyuzi kimyakimya ili nisiaibike mbele yenu, na ninyi mkapiga makofi, na mimi nikajiona bingwa. Halafu nikamfukuza hapa, mbele yenu, kwa kosa langu mimi. Basi leo mtaona kwa macho. Anayetaka sauti ya kijana akanunue kaseti. Fundi, shusha."

Nikashusha. Wa kwanza, wa pili, zote sita, sauti moja na nusu, na spika ikiwa wazi, kila mtu anasikia nyuzi zinavyoshuka. Mpiga besi kando yangu anashusha zake, safari hii hatazami viatu. Kazi hiyo haina haraka, unajua. Watu wakapiga miluzi. Wengine wakainuka wakaondoka, niliwahesabu mpaka ishirini nikaacha. Radi hakusogea. Alisimama katikati, mikono chini, akiwaangalia wakimwangalia.

Tukaanza tena. Nilikuwa nimefunga nyuzi nene, mzee. Nilizifunga asubuhi, nikazikaza juu kama alivyoagiza, nikijua kwamba kama neno litamtoka, chini zitashika. Sijawahi kusikia wimbo ule hivyo. Juu, "Sitoki" ilikuwa mtu anaomba asitolewe. Chini, hakuna wa kumtoa. Alipofika ule mwisho hakupanda kabisa, alishuka, akalishikilia neno huko chini. Na ile nota ya juu waliichukua watu. Hakuna aliyewaambia. Jumba zima, wake kwa waume, sauti mbovu na nzuri, wakaipiga juu ya kichwa chake na kuishikilia, na yeye chini yao.

Bango halikushushwa hadi mwisho. Sawa tu. Nimewaambia watu wa mlangoni wasilichukue, wenyewe waje nalo tena.

Radi anataka kukuandikia, amechana karatasi nne. Nimeona nikusimulie mimi kwanza, maana ulikuwa mbali.

Fundi


17 Aprili

Fundi,

Usinisimulie. Nilikuwepo.

Nilipanda basi alfajiri, nikamwambia binti yangu naenda kwa daktari wa macho. Nililipa kiingilio kama mtu yeyote, kwa mara ya kwanza tangu bendi ianze, na nilitaka kumlalamikia mtu kuhusu bei nikakosa wa kumlalamikia. Kiti kilichobaki kilikuwa nyuma ya lile bango lako. Sikuona kitu. Nikamgusa bega kijana aliyelishika, nikamwambia, mwanangu, lishushe kidogo, huyo Nyuzi hawezi kuja, vidole vyake vimekufa. Akageuka akanitazama usoni kabisa, na jina langu liko mikononi mwake, akaniambia, "Mzee kaa chini, unawaziba walio nyuma." Nikakaa.

Kwa hiyo onyesho lile sikuliona, nimelisikia tu. Nilisikia ulivyokosea solo langu, na nilisikia ulivyolirudia. Mimi nisingelirudia. Mimi ningecheka na watu, ningefunika. Ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Sauti ya Radi ilipokatika niliinuka nije. Sijui nije kufanya nini, nilikuwa nimeshafika kwenye njia katikati ya viti. Nikawasikia wanavyokugeukia, na nikamjua mdogo wangu, nikasema sasa atanyamaza, kwa sababu mimi nimemfundisha kunyamaza. Hakunyamaza. Fundi, nimemlinda mtu yule miaka kumi na mitatu dhidi ya dakika moja, na dakika ilipokuja aliimaliza peke yake. Nilimkosea. Nilimwona mdogo kuliko alivyo.

Nikarudi kitini, na ile nota ya juu na mimi niliiimba. Vibaya. Kijana wa bango alikuwa analia, akanishika mkono akaukandamiza, mkono wangu huu, na maumivu yalinifika hadi kwenye meno, na sikuutoa.

Mwambie Radi asichane karatasi zaidi. Mwambie sirudi, nafasi ina mwenyewe. Na mwambie mwezi ujao nalipa kiingilio tena, nakaa mbele safari hii, nimwone usoni, na siku atakayojaribu kupanda tena kule kwa ajili ya kuwafurahisha watu, mluzi wa kwanza utakuwa wangu.

Nyuzi